Maji ya Kolwezi

Kolwezi, 14 Mei 2023

Kwako mama Shekina, Domitille wangu,

Shofere Elisée ananiambia kama mulifika Musumba bazima, kama mama mukwe alicheza mu lupango, pale mbele ya nyumba, wakati alimuona mujukuu wake, na kama we ulishuka mu kamyo umenuna. Ya kucheza niliamini mara moja. Ya kununa haikunishangaza, maana ulipanda kamyo hapa umenuna vilevile, na balabala ya kwenu ya Kapanga haijapatia mutu furaha hata siku moja.

Uliniambia mbele ya batu bote, umesimama yulu ya mizigo: "Stany, unatufukuza." Sikujibu juu Shekina alikuwa nasikia. Najibu sasa. Mutoto wa miaka tano alilia anashika ubavu, mwisho akakojoa damu na jiwe. Jiwe, Domitille. Mi nachimba mawe tangu ujana wangu, sijaona jiwe inatoka mu tumbo ya mutu. Njo niliitia mu mufuko, nikaipeleka ku depo kwa Ngeleka, ule mwenye masheni ya kupima mawe yetu mbele batununulie. Akaipiga na masheni, namba zikatoka: shaba iko, kobalti iko. Mutoto wetu alikuwa nakunywa karieri, mashimo yetu ya kuchimba, mama. Ungetaka nifanye nini, nimuache aendelee?

Basi akunywe maji ya chemchemi ya kwenu, asiguse kitu ya kutoka huku. Yeye mwenyewe nilimuambia, maji ya Kolwezi inatia mawe mu tumbo. Wakati mwili wake utasafishika nitabaita. Telefone usiitafute. Yangu ilianguka mu shimo, na antene ya Musumba najua inasimama pale kwa kupumuzisha ndege. Tutaandikiana kama bazee betu, Elisée atabeba.

Nyumba imekuwa kubwa. Mi nazungumuza na sufuria.

Bwana yako,
Stany


Musumba, 2 Juni 2023

Tata Shekina,

Barua yako nilisomea mama, isipokuwa pale pa sufuria, pale niliruka. Anauliza kama siku hizi ku Kolwezi mulume anarudisha muke kwabo juu ya maji. Zamani, anasema, balikuwa nabarudisha juu ya kupika bukari mubaya, na ile walau mutu anaelewa. Nilimujibu kama bwana yangu ni mutu wa masheni. Akacheka mpaka akakohoa.

Mutoto anakula. Anachanganya Kiruund na Kiswahili, mama yangu, kambo yake, anamusahihisha kwa kumufinya shavu. Anapenda karanga za kuchemsha na anachukia kuoga. Ukimuuliza tata iko wapi, anaonyesha upande wa balabala. Jana alionyesha upande wa kanisa, kule makaburi iko, nikaona vibaya, nikamugeuza.

Mi niko. Asubuhi naenda shamba na mama, mikono imeshasahau jembe, inatoka malengelenge. Jioni, wakati batoto banaitwa kula, nasikiaka mulango wa kwetu unafunguka na mutu anavua buti pale kizingitini. Natega sikio kabisa. Halafu naona ni mbuzi ya jirani anakwaruza ukuta.

Nani anakupikia? Usiniambie "mi mwenyewe". Nakujua.

Domitille


Kolwezi, 9 Julai 2023

Mama Shekina,

Mi mwenyewe. Utacheka. Bukari yangu inatoka na mabonge, hata Symphorien mwenye kula kila kitu aliisukuma pembeni. Sasa nakula kwa mama wa pale mbele ya depo, chakula ya mutu asiye na kwabo.

Huyu Symphorien, nilimuelezea mambo ya jiwe na masheni, basi akachukua mutoto wake Gloire, akamupeleka Lubudi kwa shangazi yake. Bengine pia beko nafikiri. Banakuja kuniuliza, tata Shekina, mutoto wangu anakojoa njano, tufanye nini? Nabajibu kama munganga. Nabaambia: mupelekeni mbali na karieri. Naona nimesaidia batu.

Jumapili nilienda misa. Nilikaa upande wa banaume, nikaangalia pale unakaaka, karibu na nguzo. Mama Yolande alikuwa amekaa pale na kofia yake kubwa. Nilimukasirikia misa nzima, mutu hajanifanya kitu. Wakati padri alisema tupeane amani, nilimupita.

Niko na hamu yako, Domitille. Ya mutoto pia, lakini ya mutoto naweza kuisema mbele ya batu. Lakini tuvumilie. Ngeleka anasema bitu kama hii inakawia kutoka mu mwili. Mubaki mpaka mwaka uishe, tuwe na hakika. Heri nibaki peke yangu kuliko nimuone tena anashika ubavu.

Stany wako


Musumba, 13 Agosti 2023

Tata Shekina,

Barua yako ilifika. Mutoto iko muzuri. Mama anakusalimia. Mvua haijaanza.

Kama mutu anaugua jiwe mahali hakuna karieri, huko kwenu banasemaka ni nini? Nauliza tu.

Mwaka ni murefu.

Domitille


Kolwezi, 3 Septemba 2023

Domitille,

Nilikuandikia maneno sijawahi kukuambia hata siku ya ndoa, unanijibu mvua haijaanza. Niliikunja barua yako, nikaikunjua, nikaangalia nyuma kama kuna kitu ingine. Hakuna.

Leo Elisée amefika. Nilimuuliza habari, akaanza kuangalia matairi. Nikamushika shati. Akasema alikuona unaingia hopitali ya misioni, Shekina mu mugongo, umemufunika kichwa. Shekina mwenye kukimbia kuliko batoto ya jirani bote, leo anabebwa mu mugongo? Na Elisée anajua, mama mukwe anajua, hata mbuzi ya jirani anajua. Mi tu, tata yake, niko nasoma habari ya mvua.

Kama umechoka na mi, sema. Kama kuna mutu huko, sema vilevile. Lakini mambo ya mutoto usinifiche. Niambie yote.

Stany


Musumba, 24 Septemba 2023

Stany,

Mutu gani? Mu shamba ya mama kuna mihogo na nyoka. Uwivu wako uuweke mu sufuria unayozungumuza nayo.

Basi nakuambia yote.

Maumivu ilirudi tangu Julai. Ubavu uleule wa kushoto. Alikuwa anakunywa chemchemi tu, Stany, maji safi kabisa, na ilirudi. Jiwe ingine ilitoka, ndogo, anapiga kelele mpaka majirani balikuja. Halafu homa, inapanda, inashuka, inapanda. Sikukuandikia. Nilijiambia: kama maji njo sababu, basi bwana yangu alitufukuza juu ya upendo. Kama maji si sababu, basi alitufukuza tu. Mi nilitaka kubaki kidogo na ile ya kwanza. Na tena, dada zako nabajua. Batasema mawe imetoka mu tumbo yangu mi, mu ukoo yetu ya Musumba. Njo nikaandika mvua.

Ku hopitali kuna munganga Kabemba, mama mufupi, anasema polepole. Alimupaka mutoto mafuta ya baridi mu tumbo, akapitisha chombo, akaona ndani kama mu televizyo. Halafu akanichorea. Kila mutu iko na figo mbili, na kila figo iko na tiyo nyembamba inashusha mukojo mu kibofu. Tiyo ya kushoto ya Shekina ilizaliwa imebanwa kule chini, pale inaingia mu kibofu. Mukojo inashuka, inakuta mulango mudogo, inarudi juu. Tiyo imevimba, imekuwa nene kama kidole changu cha gumba, na figo imevimba. Mukojo yenye kusimama, mawe inatua ndani. Ile pompe yenu ya kutoa maji mu shimo, mupira yake ikibanwa si matope inakaa? Ni vile.

Alizaliwa nayo. Nilimuuliza kama ni mi, kama kuna kitu nilikula wakati nilikuwa na mimba. Akasema si mi, si we, si ukoo ya mutu yeyote. Maji ya kwenu, anasema, muichemushe na muichuje, yeye hakuisifu. Lakini jiwe hii haikutoka mule.

Nikamuelezea masheni yako. Akaniuliza, mbele ya kuipima jiwe ilikuwa wapi? Nikasema mu mufuko ya bwana yangu. Mufuko ya nguo gani? Ya suruali yake ya kazi. Aliendelea kunawa mikono, na mi mwenyewe nikaelewa, nikaona haya kwa ajili yako.

Sasa sikia. Figo ya kushoto inachoka. Bakikawia, inakufa. Hapa hakuna mwenye kushona tiyo ya mutoto mudogo vile. Lakini mwisho wa mwezi wa kumi kuna munganga mupasuaji wa batoto atakuja kufanya kazi ku hopitali moja kubwa, halafu anarudi kwake mbali. Unajua ni wapi? Ni Kolwezi. Pale ulitutoa.

Niambie tufanye nini. Nijibu mbio.

Mama ya mutoto wako,
Domitille


Kolwezi, 11 Oktoba 2023

Domitille, bibi yangu,

Nilisoma barua yako nimesimama, halafu nikakaa chini mu mavumbi mbele ya kila mutu.

Nikasimama, nikaenda nyumbani. Nikachukua kipande cha sabuni, ile ya bluu ya kufulia. Nikaitia mu mufuko ileile ya suruali ileile, nikazunguka nayo, nikaipeleka kwa Ngeleka. Nikamwambia, pima. Akaniangalia. Nikasema, pima, Ngeleka. Akaipiga na masheni. Sabuni iko na shaba. Sabuni iko na kobalti, mingi kuliko jiwe ya mutoto. Batu balicheka mpaka balishikana. Mi sikuweza kucheka. Nilikuwa nafikiri: Mei, Juni, Julai, Agosti, Septemba, mutoto anaumia, muke analala peke yake kwa mama yake, juu ya vumbi ya mufuko yangu.

Niliambia Symphorien akamurudishe Gloire. Alinitukana, na alikuwa na haki.

Ulisema nilikufukuza. Siku ile kamyo ilitoka nilikimbia nyuma yake mpaka ku mzunguko, haukuniona juu ya mavumbi. Nilitaka tu mujue.

Usitafute gari, usiombe mutu. Elisée anakuletea barua hii, na mi mwenyewe niko nyuma yake, nimeazima moto, pikipiki ya mutu. Musitoke pale. Mufungashe tu, na mama mukwe anisamehe kama nitafika na buti za matope mu lupango yake. Nakuja kubachukua na mikono yangu.

Stany


Kolwezi, 21 Oktoba 2023

Stany,

Uko wapi?

Niko Kolwezi. Sikuona barua yoyote, sikuona Elisée. Homa ya mutoto ilipanda mpaka akaanza kusema na batu basioonekana. Avioneti, ndege ndogo ya misioni, ilikuwa inakuja huku, munganga Kabemba akatuombea nafasi. Nilifika nikaenda nyumbani mbio, Shekina mu mugongo, nikakuta kufuli. Nilibisha hata hivyo. Nilibisha sana. Jirani Bilonda akatoka na ufunguo yenye ulimuachia, akasema: "Si ameenda kubachukua? Alivaa shati mupya." Nikakaa pale kizingitini. Nilitaka kucheka, ikatoka kilio. Miezi yote hii tunatafutana, siku tunatoka, tunapishana, mi mawinguni, we mu matope.

Tuko hopitali sasa. Mupasuaji amefika, ni mutu wa miwani, anacheza na batoto. Amekubali kumupasua, lakini kwanza homa ishuke, na figo zioshwe. Banamupatia dawa mu mushipa. Na banataka akunywe maji, mingi, siku nzima.

Hapa njo kuna shida. Anakataa. Mama alitupatia bidoni ya maji ya chemchemi, ile alikunywa vizuri, sasa imekwisha. Maji ya hopitali, ya chupa, ya kuchemushwa, yote anafunga kinywa. Anasema, "Tata alikataza." Nilimuelezea. Munganga alimuelezea. Nilikunywa mbele yake ili aone, akalia kama mi pia nitakufa. Midomo yake imepasuka. Nilimudanganya kama ile maji imetoka kwa kambo, akainusa, akaniangalia, akageuka ukutani. Sasa hata mi haniamini.

Seramu ya mushipa inasaidia, lakini mupasuaji anasema haitoshi, na siku zake za kubaki Kolwezi zinaisha. Wakati uliweka sheria yako, Stany, uliiweka kweli. Sasa hakuna mwenye kuitoa isipokuwa we.

Avioneti inarudi Musumba Jumatano. Napatia pilote barua hii. Kama umefika kwa mama, rudi. Kama haujafika, sijui naandikia nani.

Domitille


Musumba, 25 Oktoba 2023

Domitille,

Nilifika jana. Mama mukwe alitoka mu nyumba, akaniangalia toka buti mpaka kichwa, akasema, "Mukwe wangu, umechelewa, balipita yulu yako." Mi mukwe hata kula mbele yake ni haya, sasa niko mu lupango yake, hakuna muke, hakuna mutoto, na mashemeki banakuja kuniangalia kama sinema. Alinipatia pa kulala pale mulikuwa nalala. Kuna nywele yako mu mukeka. Sikuitoa.

Leo avioneti ilitua, pilote akanipatia barua yako. Nilimwomba anibebe. Nilipiga magoti, sikusikia haya. Anabeba mama moja amekwama kuzaa na mwenye kuvunjika mugongo, hakuna pa mutu muzima. Lakini karatasi, anasema, haina uzito. Basi karatasi inanitangulia. Mi natoka sasa hivi na moto. Mvua imeanza kweli, ile uliniandikia.

Nafurahi mulitoka. Ungeningoja juu ya barua yangu ya kusema musitoke, ningekuwa nimekosa mara ya pili.

Ile ya chini ni ya Shekina. Musomee polepole, umuonyeshe mwandiko.

Shekina mama yangu, ni tata. Niko kwa kambo, kambo iko muzuri, karanga zako ameweka. Mi njo nilisema maji ya Kolwezi inatia mawe mu tumbo. Nilikosea. Tata pia anakosea. Haikuwa maji. Ndani yako kuna kanjia kamoja kadogo sana, ulizaliwa nako, na munganga wa miwani atakapanua. Maji haikukufanya kitu mubaya. Sasa inatakiwa ukunywe mingi, ipite, isafishe njia. Ile sheria ya tata imekwisha. Ukikunywa, hautanikosea. Mama hakudanganyi, munganga hadanganyi. Kunywa leo, kunywa kesho, kunywa hata kama sijafika. Niko mu njia nakuja kwako. Tata yako, Stany.


Kolwezi, 6 Novemba 2023

Stany,

Elisée anasema mvua imekata balabala mbele ya Sandoa, na kama ulionekana huko unasukuma moto ndani ya matope, shati mupya haijulikani tena rangi yake. Anarudi kesho upande ule. Nampatia hii, akukute popote.

Nilimusomea. Alisikia macho yamefungwa. Nilipomaliza akaomba karatasi, akaniuliza wapi imeandikwa "kunywa". Nikaweka kidole chake pale. Akauliza pengine. Nikaweka pale pengine. Alikaa hivi, karatasi yulu ya kifua. Halafu akanyoosha mukono, akaomba kikombe. Alikunywa kidogo, akangoja, akajishika tumbo kusikia. Akakunywa yote. Akaomba ingine. Mi niligeuka dirishani, juu nilikuwa nalia vibaya.

Homa ilishuka. Alhamisi balimupasua. Mupasuaji alikata pale pamebanwa, akashona tiyo upya mu kibofu, akatoa mawe yenye ilikuwa imebaki. Figo ya kushoto iko. Imechoka, anasema, itaangaliwa myaka mingi, lakini iko na inafanya kazi. Kuna kamupira ubavuni kanashusha mukojo mu kifuko. Kwanza ilikuwa nyekundu, leo imekuwa safi. Sijawahi kufurahia mukojo ya mutu namna ile. Munganga wa miwani ameshaenda, alimupatia mukono kama mutu mukubwa.

Mi pia niko nakungoja, Stany. Neno "fukuza" nimelitoa. Nilifungua nyumba kwa Bilonda mwenye ufunguo, nikaona sufuria zako, nikaziosha zote. Fika hata na buti.

Shekina anataka niandike maneno yake, nisibadilishe hata moja. Anasema hivi: Tata, maji ya hapa ni tamu. Lakini sikukunywa yote. Nakuachia.

Domitille